Maji Ndani ya Oili

Mama hapendi simu. Akikupigia ujue jambo limemzidi, na hata hapo ataanza kwa kukuuliza kama mvua imenyesha huko uliko. Asubuhi ile nilikuwa uvunguni mwa lori, kwenye gereji ninayofanyia kazi Ngara mjini, simu ikaita mfukoni mwa ovaroli. Nikatambaa nje mikono imejaa grisi. Akaniuliza habari za mvua. Nikamwambia ni ukungu tu. Kisha akasema, "Baba yako na baba yako mdogo hawali tena pamoja."

Nilikaa chini juu ya tairi. Baba na baba mdogo ndio watoto wawili waliobaki wa babu, na babu alikuwa mjukuu wa mtu aliyetoka pwani na nguo na chumvi, akafika Biharamulo, akafungua duka chini ya boma, asirudi tena. Ndugu hao wawili walikuwa wamekula pamoja tangu wakiwa watoto. Walioa, wakazika wazazi, wakagombana mara ngapi sijui juu ya duka, lakini ikifika saa ya chakula mmoja humngoja mwenzake.

"Kuna nini, mama?"

"Gari. Njoo uliangalie. Baba yako anasema wewe ndiye utakayesema ni nani."

"Nani nini?"

"Nani kalitia maji kwenye oili."

Gari lenyewe ni la babu. Jeupe, lenye taa za mviringo na gia zilizo shingoni mwa usukani, viti vya ngozi nyekundu vilivyopasuka na kushonwa upya kwa uzi wa viatu. Hakuna jingine kama hilo katika wilaya zetu zote mbili. Babu alipofariki, hakuandika ni la nani, na watoto wake hawakuulizana. Baba aliliendesha kwa sababu ndiye mkubwa. Alilitumia kwenda Ngara kila alipokuwa na bidhaa za kupeleka sokoni, mwendo wa taratibu, malori yakimpita.

Muda mfupi kabla ya simu ile, alitokea mtu wa Mwanza anayenunua magari ya zamani akayang'arishe, ayakodishe kwenye harusi. Baba mdogo alitaka liuzwe. Baba alikataa. Hayo niliyajua. Nilidhani yameisha.

Niliomba ruhusa kwa mwenye gereji, nikafunga vifaa vyangu kwenye begi: spana, tochi, matambara, na kifuniko kimoja cha rejeta nilichokitoboa mwenyewe na kukitia valvu ya tairi. Nikapanda gari la abiria. Tuliteremka kutoka kilima cha Ngara ukungu ukiwa umelala mabondeni, tukaingia barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Kwenye msitu kulikuwa na lori limelala ubavu, limetandikiwa matawi nyuma na mbele. Dereva alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara ameshika kichwa.

Nikiwa njiani nilijipa moyo. Asubuhi za huku kwetu ni baridi, na gari likiwashwa kidogo kidogo bila kupata joto la kutosha, unyevu hujikusanya ndani ya injini. Ukifungua kifuniko cha oili unakuta utando mweupe kama samli iliyochafuka. Watu huogopa bure. Unalipeleka mwendo mrefu, injini inapata moto, utando unakauka. Nilitaka iwe hivyo. Nilipanga hata maneno ya kumwambia baba, na namna nitakavyowachekesha.

Nilipofika, baba alikuwa amekaa barazani peke yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika, "Marahaba," bila kuniangalia, akanyoosha mkono kuelekea uani, kwenye banda la gari. Mlangoni pa banda alikuwa amesimama kaka yangu. Huyo ndiye mkubwa wetu, anaendesha bodaboda na ana wenzake wengi stendi. Alikuwa ametia kufuli lake mwenyewe kwenye mlango wa banda, ufunguo uko mfukoni mwake.

"Baba mdogo yuko wapi?" nikamuuliza.

"Kaniha, shambani kwake. Amekimbia."

"Amekimbia au amefukuzwa?"

Alifungua kufuli.

Nilichomoa kijiti cha kupimia oili kabla hata sijavua viatu vya safari. Matumaini yangu ya njiani yaliishia pale. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, nzito, imepanda juu sana ya alama ya mwisho. Unyevu wa baridi hauwezi kuijaza injini kiasi hicho. Yalikuwa maji, tena mengi.

"Umeona?" kaka akasema nyuma ya bega langu.

"Nimeona maji. Sijaona mtu."

"Mimi nimemwona mtu."

Akanieleza huku ananong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. Alikuwa ametoka alfajiri kuwahi abiria, akamkuta baba mdogo bandani, boneti iko wazi, dumu la maji mkononi. Kumwona tu, baba mdogo akashusha boneti upesi na kuondoka na dumu lake. Hakusema kitu. Siku chache baadaye baba akiwa njiani kurudi kutoka kijiji cha Nyamahanga injini ilianza kugonga, akaizima, gari likavutwa mpaka nyumbani. Kesho yake walipochomoa kijiti wakakuta uji. Baba alimwuliza ndugu yake mbele ya watu wa dukani: ulikuwa unafanya nini kwenye gari la baba yetu? Baba mdogo akamwangalia, akasema, "Kama unaweza kuniuliza hivyo, sina la kukujibu." Akachukua koti lake.

"Mtu asiye na hatia hujitetea," kaka akasema.

Nilifungua rejeta. Nilichotarajia kukuta kilikuwa pengo. Maji yakiwa yamepotelea kwenye oili, lazima yapungue mahali fulani. Rejeta ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

Kaka alikuwa ameshaliona hilo. Alicheka kicheko kifupi. "Sasa hayo maji ya kwenye oili yametoka mbinguni?"

Nilichovya kidole. Maji yalikuwa ya kutu kidogo, lakini masafi, hayana hata utando wa mafuta. Hilo lilinisumbua zaidi. Gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha njia za maji na za oili, ikiungua, mara nyingi vitu viwili vinaingiliana, maji kwenye oili na oili kwenye maji, unaona duara za rangi rangi zinaelea rejetani. Hapa hapakuwa na hata duara moja. Rejeta imejaa, maji masafi, oili imeoza kwa maji. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema yamemiminwa kwa juu.

Nami nilianza kusema hivyo moyoni. Nilimwona baba mdogo, yule aliyenifundisha kushika usukani nikiwa bado siwezi kufikisha miguu kwenye pedeli, amesimama pale alfajiri anamimina. Picha hiyo ilikuja yenyewe na haikutaka kuondoka.

Baba alikuja mpaka mlangoni. "Sema."

"Bado, baba."

"Kitu gani bado? Maji umeyaona."

"Niache nilifungue chini."

"Liwashe kwanza tulisikie."

"Nikiliwasha nalimaliza. Hiyo oili haiwezi tena kulainisha kitu. Kilichobaki kizima humo ndani kitasagika."

Alinitazama kama anayetafuta kwenye uso wangu niko upande wa nani. "Mimi nataka neno moja tu kutoka kwako," akasema. "Ndiyo au hapana. Nikishalipata najua la kufanya."

Usiku ule nyumba ilikuwa kimya. Mama alinipa chakula jikoni, akasimama ananiangalia nikila. Aliniambia kaka na wenzake walikuwa wamekaa dukani jioni mbili mfululizo, na akiwakaribia wanabadili mazungumzo. "Sipendi wanavyocheka," akasema.

Kulipokucha nilianza kazi. Nilimwambia kaka asiondoke. Nilitaka aone kila kitu kwa macho yake, na kufuli liwe lake, asije mtu akasema fundi kamsaidia baba yake mdogo. Nililegeza nati ya chini ya injini. Kwanza yalitoka maji matupu, yakatiririka kwenye beseni, kisha uji wa kahawia ukafuata polepole, ukiburuzika kama ute. Baba aliyekuwa amekaa kwenye kiti mlangoni aligeuza uso.

"Maji yametangulia," kaka akasema.

"Maji hukaa chini ya oili gari likisimama. Hata yapitie wapi, yatatangulia."

Nikafungua sampu, lile beseni la chuma linalobeba oili chini ya injini. Kwenye gari la umri ule boliti zake zilinigomea, mbili nikazivunja. Ilipotoka, injini ilibaki wazi kwa chini. Ukilala uvunguni unaona shafti, na juu yake ncha za mabomba manne ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mafundi tunayaita slivu. Kwenye injini nyingi za siku hizi slivu ni sehemu ya chuma chenyewe. Kwenye injini ya gari la babu zilikuwa zimepachikwa, na maji ya rejeta yanazizunguka kwa nje. Kinachozuia maji yasishuke kwenye oili ni mpira mwembamba chini ya kila slivu, basi. Babu na watoto wake walikuwa wametia maji ya mvua kwenye rejeta miaka yote hiyo. Sijui kama mipira ile iliwahi kubadilishwa.

Nilifuta kila kitu kwa matambara mpaka chuma kikakauka. Nikampa kaka tochi na tambara. "Lala chini. Futa mwenyewe. Ukiona unyevu niambie." Alilala, akafuta, akatoka. "Kukavu."

"Una uhakika?"

"Kukavu, nimesema."

Nikaweka kifuniko changu chenye valvu kwenye rejeta. Niliazima pampu ya mguu yenye geji ya kupimia upepo kwa mtu anayeziba pancha jirani na msikiti. Nikamweleza baba: tunajaza upepo kwenye rejeta badala ya kuwasha injini. Upepo unasukuma maji kama yanavyosukumwa gari likiwa limechemka. Kama kuna tundu, maji yatajionyesha. Kama hakuna tundu, sindano ya geji itasimama pale pale na chini kutabaki kukavu.

"Kukibaki kukavu?" baba akauliza.

"Basi yalimiminwa."

Nilisema hivyo kwa sauti, na nilipokwisha kusema niliona kaka ananyoosha mgongo.

Nikapampu. Sindano ikapanda, nikaacha. Nikalala uvunguni na tochi. Hakuna kitu. Chuma kilikuwa kimya, kinanukia oili iliyooza. Niliangalia slivu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nikarudia. Shingo ikaanza kuuma. Huko nje wingu lilikuwa limekuja upande wa Kaniha, jeusi, na mwanga bandani ukapungua. Nilimsikia baba anakohoa. Nilimsikia kaka anavuta hatua kwenda na kurudi.

"Nini tena tunangoja?" kaka akasema. Nikaona viatu vyake vinatoka mlangoni. Nilisikia anaongea na simu ukutani kwa nje, maneno machache, sikuyashika. Kisha viatu vikarudi.

Adhana ya adhuhuri ikatolewa. Baba akaenda kutawadha, akasali pale pale uani, akarudi kwenye kiti chake. Nilitoka uvunguni kuangalia geji. Sindano ilikuwa imeshuka.

Haikuwa imeshuka sana. Ingeweza kuwa kifuniko changu kinavuja upepo. Nilipaka maji ya sabuni kwenye valvu na shingo ya rejeta nikatafuta mapovu. Hakuna. Nikapampu tena, nikarudi chini. Sasa nilijua sitaki kuangalia, maana nikikuta kukavu safari hii ningetakiwa kutoa lile neno.

Chini ya slivu ya tatu palikuwa pameng'aa.

Nilidhani ni macho. Nikasogeza tochi. Kwenye ukingo wa slivu, upande wa nyuma, kulikuwa na mstari mwembamba wa unyevu. Mstari ukajikusanya ukawa tone, tone likanenepa, likaning'inia. Likaanguka kwenye gunia nililolalia, karibu na sikio langu. Jingine likaanza kujiunda pale pale.

"Baba," nikasema. "Njoo uone."

Baba ni mtu mzima, magoti yake mabovu, na alikuwa amevaa kanzu yake. Nilidhani atamtuma kaka. Lakini aliinuka, akakunja kanzu, akapiga magoti, akatambaa mpaka akalala chali kando yangu kwenye gunia lililolowa uji wa oili. Nilimwelekezea tochi. Tone likaanguka, akanyoosha kiganja, la pili likamwangukia kiganjani. Akaligusisha ulimi.

"Kutu," akasema.

"Ni maji ya rejeta, baba. Yanashuka yenyewe. Hakuna mtu aliyeyatia."

Alivuta pumzi ndefu. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa sijapata jibu lake tangu jana yake. "Na rejeta mbona imejaa?"

Ndipo nikaelewa, na nilielewa wakati ule ule ninaojibu. "Kuna mtu alikuwa anaijaza."

Baba hakusogea. Tone jingine lilianguka, safari hii kwenye kanzu. Nadhani aliliona lile dumu kama nilivyoliona mimi. Mtu anaamka kabla ya wengine, anafungua boneti, anamimina maji kwenye rejeta, anafunga, anaondoka, na ndugu yake anakwenda Ngara na kurudi salama kwenye barabara ya malori bila kujua kitu.

Tulipotoka uvunguni kaka alikuwa amesimama vile vile na simu mkononi. Alikuwa amesikia yote. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nimeshawaambia," akasema.

"Umewaambia nani nini?" baba akauliza.

"Jamaa. Nimewaambia waende Kaniha."

Baba alimpiga kofi moja. Kaka alipiga simu, akapiga tena. Namba haipatikani. Nikakimbilia barabarani nikasimamisha bodaboda, na kaka akawasha ya kwake. Baba alipanda nyuma ya kaka. Hakuniachia nafasi ya kumwambia abaki.

Njia ya Kaniha ni ya udongo mwekundu, na lile wingu lilikuwa limeshamwaga mvua yake huko mbele yetu. Pikipiki ziliteleza. Mara mbili nilimwona baba anayumba, mikono yake imekamata koti la kaka. Njiani tulipishana na pikipiki tatu zinarudi mjini kwa kasi, vijana wawili wawili, wamefunga nyuso kwa vitambaa kama watu wanaoogopa vumbi, na vumbi halikuwepo. Kaka aligeuza kichwa kuwaangalia. Wao hawakugeuka.

Nyumba ya baba mdogo ya shambani ni ndogo, vyumba viwili, imezungukwa na mahindi. Mahindi ya mbele yalikuwa yamelazwa. Mlango ulikuwa umening'inia kwenye bawaba moja. Uani palijaa majirani, wanaume wana majembe na mapanga, na wanawake wawili walikuwa wameinama juu ya mtu aliyeegemea ukuta. Mmoja wa wanawake aliinua kichwa akatuona.

"Ni wao tena?" akauliza. "Wamevunja mrango, wamemburuta mzee wa watu, sasa mnakuja kumaliza?"

Mtu mmoja alimtambua kaka. Sijui walikuwa wameonana wapi. Alimwonyesha kwa jembe, akasema kwa Kisubi, lugha ya huko, maneno mafupi, na watu wakafungua njia ya kumfikia kaka, kisha wakaifunga nyuma yake. Ilifanyika taratibu, bila kelele, na ndiyo sababu iliniogopesha. Kaka alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki, injini inaunguruma. Baba alishuka akasimama mbele yake.

"Mwacheni," mtu akasema kutoka ukutani.

Baba mdogo alikuwa na damu kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye kola, na mkono wa kushoto umekaa mahali ambapo mkono haukai. Aliuonyesha ule mkono kwa macho, kama anayetuomba radhi kwa kutoweza kuinuka. "Mwacheni. Huyo ni mtoto wa kaka yangu."

Hawakumwacha mara moja. Lakini mapanga yalishuka.

Nilipiga magoti kando yake. Nilimwamkia, maana sikujua la kufanya lingine, akaitika marahaba kama siku zote. Nikamwambia maji yanashuka kwenye slivu ya tatu, nimeyaona, na baba ameyaona. Alitikisa kichwa polepole.

"Mimi sikujua yanakwenda wapi," akasema. "Nilikuwa naona tu rejeta inapungua na chini hakuna tone. Nilimwambia mara moja. Akasema gari la marehemu baba halivuji, natafuta sababu ya kuliuza. Basi nikaona nijaze tu kila alfajiri, hata ile iliyofuata lilipovutwa. Angekwama kwenye ule msitu peke yake."

Baba alisikia. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, kanzu yake ina oili na matope. "Ungeniambia nilipokuuliza," akasema.

"Uliniuliza mbele ya watu."

Hapo hapo baba alikaa chini kwenye tope, na mvua ikaanza tena, na wale wanawake wakamwingiza baba mdogo ndani.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la mtu aliyekuwa amekuja kununua mihogo. Mkono uliungwa, lakini haunyooki vizuri mpaka leo. Polisi walikuja kumwuliza ni akina nani waliomfanyia vile, akasema walifunga nyuso. Najua aliwatambua, kwa sababu aliponisimulia mimi alitaja kwamba mmoja wao alisita, na akaniambia huyo mmoja alimfahamu tangu akiwa anabebwa mgongoni. Lakini jina hakunitajia. Kaka naye hajawahi kulisema. Baba mdogo alimtaka kaka jambo moja kuwa adhabu yake: mahindi yaliyolazwa ayapande upya, ayapalilie, ayavune, kwa kuwa mwenye shamba hana mkono. Kaka alikaa Kaniha msimu mzima, na majirani hawakuwa wakimsalimia.

Niliifungua injini yote baadaye. Beringi zilikuwa zimeliwa na ule uji, na slivu ya tatu ilikuwa na vishimo vya kutu kwa nje. Mipira inapatikana, slivu pia ukitafuta. Baba hakuniuliza. Siku moja alinikuta bandani nafunika vyuma kwa turubai, akasema nimwite yule mtu wa Mwanza. Nilimpigia simu. Akalichukua likiwa juu ya lori, vipande vya injini vimo ndani ya maboksi nyuma ya viti vyekundu. Baba alimpelekea ndugu yake fungu lake la fedha Kaniha, akapokelewa nje, akaletewa kiti na maji ya kunywa. Sasa huenda mara kwa mara. Baba mdogo hajarudi mjini kuishi, na sidhani kama atarudi. Alitengeneza mlango, akaongeza komeo la ndani.

Mimi bado naja Biharamulo kumwona mama. Mara ya mwisho niliposhuka stendi, kijana mmoja wa bodaboda aliwahi begi langu kabla ya wenzake. Ni mpole, kofia ameishika mkononi. Aliniamkia vizuri, akalifunga begi kwa mpira, akangoja nikae sawa.

"Mzee wa Kaniha hajambo, dada?" akaniuliza bila kugeuka. "Mkono wake unaendeleaje?"

Nilimwambia anaendelea vizuri. Akawasha pikipiki, tukaondoka, na njia nzima mpaka nyumbani nilikuwa naangalia kisogo chake.